Pipi zisizo na sukari na tumbo la kuharisha: yaliyonipata mimi

Ndugu uliyeuliza kama pipi zisizo na sukari anazokula mama yako mwenye kisukari zina sumu, kwa kuwa kila akizila tumbo humjaa gesi na kuharisha: nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana nilichukua miezi miwili kuyaelewa na nusura niache dawa.

Naishi Ngamiani, Tanga, na nina kisukari cha aina ya pili. Jioni tunakaa barazani tukinywa kahawa chungu, ambayo kwetu haikamiliki bila kashata. Nilipokatazwa kashata, mpwa wangu ambaye ni baharia aliniletea mifuko ya pipi na biskuti zisizo na sukari, nami nikazila bila kuhesabu. Haukupita muda tumbo likawa linaunguruma usiku kucha na asubuhi sitoki chooni. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza metformini, dawa ya kushusha sukari, siku zilezile, na ni kweli kwamba dawa hiyo huwaharisha baadhi ya watu, nikailaumu yenyewe na kupunguza vidonge kwa uamuzi wangu. Sukari ikapanda, na tumbo lisitulie. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniuliza: "Mzee wangu, jioni unakula nini?" Kesho yake nikampelekea mfuko wa pipi.

Nyuma yake paliandikwa maltitoli na sobitoli, yaani vitamu vinavyotiwa badala ya sukari. Wanakemia huziita alkoholi za sukari, lakini hazileweshi wala si sumu. Sobitoli imo hata ndani ya tufaha na pea. Shida ni kwamba utumbo mwembamba huzifyonza polepole na kwa sehemu tu. Sehemu inayobaki huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na ikifika kwenye utumbo mpana bakteria waliomo huichachusha na kutoa gesi. Kwa hiyo huo si mzio, wala pipi hazijaharibika: ni suala la kipimo, na kipimo hicho ni cha siku nzima, si cha pipi moja. Mimi nilikuwa nakula pipi kama kumi zenye gramu 3 kila moja, ambazo karibu zote ni kitamu hicho, na biskuti juu yake. Ni zaidi ya gramu 30 kwa jioni moja, tena mara nyingi kabla ya chakula, na tumbo tupu huzistahimili vibaya zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu hivi ni lazima iandikwe kuwa ikiliwa kupita kiasi huweza kuharisha. Onyo hilo lilikuwepo kwenye mfuko wangu, kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeisoma.

Erithritoli, kitamu kingine cha jamii hiyo, ni tofauti, kwa sababu sehemu yake kubwa, karibu asilimia 90, hufyonzwa mapema na kutoka kwa mkojo, hivyo tumbo huivumilia vizuri zaidi. Hata hivyo sikushauri uikimbilie: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha wingi wake katika damu na mshtuko wa moyo na kiharusi, na wenye kisukari tayari tuna hatari hiyo. Maltitoli nayo hupandisha sukari kiasi, ingawa si kama sukari ya kawaida, kwa hiyo mama apime baada ya kuila.

Mwachishe pipi hizo kwa siku nne au tano, huku akiendelea na dawa zake zote bila kupunguza hata kidonge. Tumbo likitulia, mpe moja baada ya mlo, kisha mbili, mpaka mjue kikomo chake. Changu ni mbili. Asipotulia hata baada ya kuziacha, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.