Mwanangu amezaliwa ghorofani, atapendaje miti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne. Nilikulia Machakos nikichota maji mtoni na kuchunga mbuzi, na mpaka leo nikiona mti unakatwa roho inaniuma. Wanangu hawana uchungu huo. Mkubwa ana miaka tisa. Juzi tukiwa kwenye matatu alirusha chupa ya soda dirishani, na nilipomgombeza akanijibu, "Mbona baba hufanya hivyo?" Mume wangu anasema mtoto wa mjini huwezi kumfunza mambo ya miti bila shamba. Niwapeleke kwa nyanya yao kila likizo, au nimeshachelewa?
Mama wa Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachelewa, wala si lazima uwe na shamba. Mimi mwenyewe sikulelewa shambani. Baba alikuwa fundi wa reli, nasi tuliishi Makongeni kwenye nyumba za reli, watoto watano chumba kimoja. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na mti uitwao murembe. Mama alibeba tawi lake kwenye gari moshi kutoka Butere, limeviringishwa kwa gunia bichi, akalichomeka ardhini likashika. Maji ya kusuuzia vyombo yote yalimwagwa pale. Mti ulipochanua yale maua mekundu, ndege wadogo waitwao chozi walikuja mpaka dirishani petu.

Nikiwa na miaka kumi hivi, makaa yalituishia jioni moja ya mvua. Nikaona nimsaidie mama: nikavunja matawi makavu ya murembe, nikawasha moto, nikabandika maharagwe. Mama alinusa moshi hata kabla hajaingia. Hakunichapa. Aliipua sufuria, akauzima moto kwa maji, akaketi. "Huu mti haupikiwi," akasema. Kisha akanieleza kwamba kwao, kesi nzito ikiwashinda wazee, watu waliapa mbele ya murembe, na hakuna aliyethubutu kuuchanja kuni. Usiku ule sote tulikunywa chai ya jirani na mkate, baba pia, na hakunung'unika. Maharagwe yalipikwa kesho yake, kwa makaa.

Kwa hiyo nikikumbuka alikoanzia Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti, sishangai. Kijijini kwao Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo palikuwa na kijito, naye alicheza humo na mayai ya vyura. Aliporudi akiwa mtu mzima, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Alieleza kwamba mizizi ya mugumo huzama mbali hadi kwenye maji ya chini na kuyafungulia njia. Wale wazee waliokataza shoka walikuwa wakilinda chemchemi. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, na Januari 1999 alipigwa akaumizwa alipokwenda kupanda miti Karura, msitu ule ambao leo familia za Nairobi hutembea humo Jumapili. Binti aliyekatazwa kuni na mamake ndiye huyo.

Sasa turudi Umoja. Anza na baba yao, kwa upole, watoto wakiwa wamelala. Usimhubirie habari za dunia. Mrudishie tu maneno ya mwanawe kwenye matatu, neno kwa neno, halafu unyamaze. Kisha mchague pamoja jambo moja ambalo nyumba yenu haifanyi, hata kwa shida, na hata mgeni akifika. Nyumba yetu haikuchoma murembe. Yenu inaweza kuwa nyumba isiyotupa kitu nje ya dirisha.

Kwa nyanya yao wapeleke, ila wapewe kazi: wachote, wachunge, wapande. Na Jumamosi moja nendeni Arboretum, ile bustani ya miti karibu na Ikulu. Baba alipenda kutueleza kwamba ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kukua haraka, ipate kuwa kuni za gari moshi. Alitusomea majina kwenye vibao, nasi tukayarudia hadi nyumbani. Mwachie kijana achague mti mmoja wake, awe anaurudia kuutazama.

Baba alipostaafu, mama alikata tawi la murembe wa Makongeni (kukata ili kupanda aliruhusu) akarudi nalo Butere. Tawi la huo wa Butere ndilo lililoota langoni kwangu Kasarani. Muulize mwalimu mkuu wa shule ya mwanao kama kuna pembe ya uwanja iliyo wazi. Mimi nimeshakukatia tawi, urefu wa mkono, na nitaliacha kwa mhariri hadi Ijumaa. Mtume kijana na baba yake walifuate pamoja. Walishike kwa gazeti, lina miiba.