Umeme: UDSM au DIT?

Mdogo wangu, umesema umechaguliwa uhandisi umeme UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), na hujui uende kipi. Una PCM (fizikia, kemia na hisabati), unapenda kazi za mikono, na utakaa kwa shangazi Ilala.

Suala la jina la chuo lisikusumbue. Kote ni miaka 4, na ukihitimu popote utasajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu, kisha miaka 3 ya SEAP, yaani mafunzo kazini chini ya mhandisi mzoefu.

DIT ilianza 1957 kama chuo cha ufundi na asili hiyo bado ipo. Darasani utakuta waliotokea diploma, watu ambao wameshafunga mota ya fezi 3 na kontakta zake (swichi za kuiwasha na kuizima) kabla wewe hujashika testa. Kaa nao karibu, uliza bila aibu. Form six wengi wanajitenga nao, na wanakosa mengi sana.

Mlimani, yaani UDSM, nadharia ni nzito zaidi. Ungekuwa unawaza utafiti au masters ningekusukuma huko.

Kwa ulivyojieleza, mimi nasema DIT, tena kutoka Ilala ni karibu. Ila ongea na mzazi kuhusu ada leo, kisha uthibitishe chuo ulichochagua mapema. Siku ya mwisho mtandao huzidiwa.