Tarehe ya onyesho lako haianzii kwenye daftari la ukumbi

Mleta mada ameuliza hivi, kwa kifupi: anapiga selo, yuko mwaka wa mwisho chuoni, idara imemtaka apange mwenyewe onyesho lake la kuhitimu la saa moja, na ukumbi umempa tarehe mbili achague. Ya kwanza ni Jumanne saa kumi alasiri, wiki ya tisa ya muhula. Ya pili ni Jumamosi saa moja jioni, wiki moja kabla ya mitihani. Wachangiaji wengi wamemwambia achukue Jumamosi, eti watu watajaa. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nilipiga klarineti. Onyesho langu la kuhitimu nililipanga vibaya, nikapona kwa bahati, halafu nikaja kupewa kazi ya kutunza daftari la ukumbi wa idara kwa miaka minne. Kwa hiyo makosa yangu niliyafanya mara moja, ya wenzangu niliyatazama kila muhula.

Mleta mada, usikasirike, kosa la kwanza umeshalifanya: umekwenda ukumbini kabla ya kwenda kwa mpiga piano atakayekusindikiza. Ukumbi una nafasi nyingi kuliko unavyodhani. Kuna asubuhi, kuna mchana wa katikati ya wiki, kuna saa za jioni ambazo hakuna anayezitaka. Asiye na nafasi ni msindikizaji. Wapiga ala na waimbaji mko wengi, na wote mnamtegemea yeye au wenzake wawili watatu. Ukifika mwisho wa muhula, mpiga piano mmoja anakuwa na maonyesho matatu ndani ya wiki moja, na kila onyesho lina mazoezi yake, lina darasa la mwalimu anakotakiwa kuhudhuria, na lina kikao cha mchujo, yaani kupimwa na walimu kabla ya onyesho.

Mimi nilishika Jumamosi ya mwisho kwa mbwembwe, nikawaambia mpaka ndugu zangu, kisha ndipo nikamwandikia mpiga piano. Akanijibu kwa upole kwamba siku hiyo yuko na mwimbaji saa nane mchana na mpiga fidla saa kumi na moja. Akanikubalia saa mbili usiku kwa huruma tu. Kwenye kipande cha tatu nikaingia mapema kwa kipimo kimoja (kisehemu cha nota kati ya mistari miwili ya wima), kosa langu kabisa. Siku nyingine yoyote angenidaka kabla msikilizaji hajashtuka. Usiku ule alikuwa amechoka, kila mmoja akashika njia yake kwa karibu nusu ukurasa. Sijawahi kumlaumu. Mtu aliyepiga piano tangu mchana humwombi muujiza saa tatu usiku.

Kwa wewe wa selo jambo hili ni zito zaidi. Tunamwita msindikizaji, lakini sonata nyingi za selo, yaani kazi ndefu zenye sehemu kadhaa, si za selo na msaidizi wake. Brahms sonata yake ya kwanza, Op. 38, aliipa jina la sonata ya piano na selo, piano ikitangulia. Ukiifungua nota utaona sababu: mpiga piano ana kazi sawa na yako au kukuzidi. Mtu wa namna hiyo humpi nota wiki tatu kabla. Mpe angalau wiki sita hadi nane, na mkubaliane mapema kwa maandishi: mazoezi mangapi, yapo darasani mwa mwalimu mangapi, mchujo umo au haumo, malipo yanatoka idarani au mfukoni mwako, na ukiahirisha inakuwaje. Ugomvi wote niliousuluhisha ofisini kuhusu wasindikizaji ulitokana na mambo haya kutosemwa.

Jambo dogo linalokula muda: hakikisheni mna toleo moja la nota. Nimeona mazoezi ya saa nzima yakipotea kwa sababu mmoja anasema "tuanzie kipimo cha 84" na mwenzake toleo lake halina namba, au lina herufi tu. Kama anasomea kwenye tableti, mtumie faili safi iliyonyooka, si picha ulizopiga kwa simu ukiwa umeinama.

Baada ya mpiga piano anafuata mwalimu wako, kisha walimu watakaokaa kusahihisha. Hao ndio wa pili kwa uhaba, kwa kuwa nao wana wanafunzi wengine na safari zao. Waulize tarehe tatu, si moja. Sasa ndipo unakwenda kwa mtunza ukumbi ukiwa na tarehe zinazowezekana mkononi, na yeye anakuandikia palipo wazi. Wewe mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa kama una nafasi. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Mchujo nimeutaja juu juu, niurudie. Idara nyingi zinakutaka upige programu yote, au sehemu watakazochagua, mbele ya walimu wiki mbili hadi nne kabla ya onyesho. Usipopita, tarehe inafutwa. Kwa hiyo unapohesabu, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mchujo, si siku ya onyesho. Programu lazima iwe imeiva siku ya mchujo. Wiki zinazobaki ni za kuitia uhai. Na usichapishe karatasi za wageni kabla hujapita. Namkumbuka mmoja aliyechapisha mia mbili, akaambiwa aondoe kipande kimoja.

Sasa dakika. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. "Onyesho la saa moja" si saa moja ya muziki. Muziki uwe dakika 48 hadi 52. Zinazobaki zinaliwa na kuingia, kuinama, makofi, kutuni nyuzi, kufuta jasho, kusogeza kiti. Kila unapotoka jukwaani na kurudi, toa dakika mbili.

Na usijumlishe dakika kwa kutazama rekodi za wakubwa. Mimi nilijumlisha hivyo nikapata dakika 52. Jukwaani zikawa 61, na aliyefuata alikuwa amesimama mlangoni na ala yake mkononi. Kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, mazoezini tunapiga haraka kuliko tunavyopiga mbele ya watu, au kinyume chake, kila mtu na woga wake. Jirekodi mwenyewe ukipiga programu nzima bila kusimama, mara mbili, siku tofauti. Pili, marudio. Ukiweka suti ya Bach ya selo peke yake, yaani mfululizo wa vipande vifupi, kumbuka zote sita zina utangulizi na ngoma tano (vipande vya mtindo wa dansi), na kila ngoma ina nusu mbili zenye alama ya kurudia. Suti ya kwanza, iliyo fupi kuliko nyingine, ukirudia kila kitu inazunguka dakika 17 au 18. Ukiacha marudio inapungua sana. Amua sasa hivi utarudia wapi, mwandikie mwalimu, usibadilishe jukwaani. Kwenye sonata, kurudia ufunguzi wa sehemu ya kwanza kunaweza kuongeza dakika tatu nzima, na mpiga piano asipojua utamwona anafungua ukurasa wa mbele wakati wewe umerudi nyuma.

Suti hiyo ina faida nyingine ambayo sijaona mtu akiitaja hapa: mpiga piano anapumzika. Ikae katikati ya kazi mbili nzito za piano, si mwanzoni, kwa kuwa mwanzoni mikono yako bado baridi na hakuna piano ya kukuficha. Kama una kipande cha watu wanne au watano, kiweke mwisho au mara baada ya mapumziko, ili viti na stendi visogezwe mara moja tu. Kila kusogeza ni dakika tatu za wageni kutazama simu.

Kuhusu piano yenyewe. Piano kubwa ya jukwaani ina urefu wa takriban mita 2.7 na uzito unaokaribia kilo 500. Haisogezwi na wewe na binamu yako mkiwa mmevaa nguo za onyesho. Mwambie mtunza ukumbi siku ileile unayoshika tarehe kwamba piano ikae wapi, kifuniko kiwe wazi chote au nusu. Mpiga selo na kifuniko wazi chote ni suala la kusikiliza mkiwa palepale ukumbini, mtu mmoja akae viti vya nyuma awaambie ukweli. Sauti ya selo ikimezwa, usimfokee mpiga piano apunguze sauti. Jaribu kwanza kusogeza kiti chako mbele nusu hatua.

Piano hiyo ina nyuzi kama 230, na fundi anahitaji saa moja na nusu hadi mbili za ukimya kuzirekebisha. Ukimya ndio hoja. Katika daftari langu niliandika saa za fundi kama onyesho kamili, kwa wino, kwa kuwa nimeshuhudia fundi akifukuzwa na bendi iliyokuja kufanya mazoezi. Afanye kazi siku hiyohiyo asubuhi kama inawezekana. Sisi tulimleta jana yake mara moja, usiku mtu akazima kiyoyozi kubana umeme, hewa ikajaa unyevu, ubao wa sauti wa piano ukavimba, asubuhi sauti yake imepanda. Si sana, lakini klarineti na filimbi walilalamika mchana kutwa. Wewe wa selo utatuni kufuata piano, hutaumia kama wao, ila mwambie anayekaa na funguo za ukumbi asiguse mitambo ya hewa.

Tukiwa bado ukumbini: uliza nani yuko chumba cha pili. Swali hili halimo kwenye fomu yoyote niliyowahi kuona, nami nililiongeza kwa kalamu baada ya mwanafunzi mmoja kupiga mwendo wa polepole huku wapiga ngoma wakijinoa nyuma ya ukuta. Ukumbi wake ulikuwa umeshikwa sawasawa. Ukuta haukushikwa na mtu. Uliza pia kama siku hiyo kuna majaribio ya kengele ya moto.

Shika ukumbi kwa saa tatu, si moja: saa moja ya kupanga na kupasha moto, saa ya onyesho, na saa ya kupiga picha, kusalimiana na kusafisha. Mazoezi ya jukwaani yawe siku mbili au tatu kabla, saa ileile ya siku kama inawezekana, ukiwa umevaa viatu na nguo utakazovaa. Mpiga selo mwenye gauni jembamba au suruali inayoteleza agundue siku hiyo. Tafuta pia ncha ya chuma ya chini ya selo itang'ang'ania wapi sakafuni. Sakafu za kumbi nyingine zina nta, na wenyewe hawataki kuona tundu. Beba kishikizo chako cha kuizuia ncha isiteleze.

Mgeuza kurasa awe anasoma nota na awe amehudhuria mazoezi walau mara moja. Rafiki mwema asiyesoma nota atageuza mbili pamoja. Kama mpiga piano anatumia tableti na kanyagio, chaji ijae na nakala ya karatasi iwe chini ya kiti.

Karatasi ya wageni ni kazi ya jioni moja, usiikuze. Jina kamili la kazi, namba ya opus au ya orodha ya kazi za mtunzi, ufunguo wa muziki, majina ya sehemu kama yalivyo kwenye nota, jina la mtunzi na miaka yake, jina la mpiga piano kwa herufi kubwa sawa na lako. Hili la mwisho nilikuwa nalisimamia mwenyewe. Mpe mtu mwingine aisome kabla haijachapwa, kwa kuwa macho yako yamezoea makosa yako.

Kurekodi: sema mapema, jaribu vifaa siku ya mazoezi, na anayerekodi aanze kabla hujaingia asiguse kitu mpaka umetoka. Ukitaka kurusha mubashara, fahamu kwamba mitandao ina mashine za kutambua muziki, na mara nyingine zinakunyamazisha ukipiga kazi ya mtunzi aliyekufa karne mbili zilizopita, kwa kuwa imefanana na rekodi ya mtu. Haki unayo, ila utaidai onyesho limeshapita. Rekodi ya ndani ya ukumbi ndiyo ya kutegemea.

Turudi kwenye tarehe zako. Jumamosi ya wiki kabla ya mitihani ndiyo siku kila mtu anaitaka, kwa hiyo wapiga piano wamebanwa, walimu wamechoka, na wanafunzi wenzako unaotegemea wajaze viti wako maktaba. Nilihesabu vichwa vya watu kwa miaka minne; Jumamosi hizo zilikuwa na wazazi mstari wa mbele na viti vitupu nyuma. Jumanne ya wiki ya tisa wapo chuoni wote, wanatoka darasani wanapita mlangoni. Ukiteleza kwenye mchujo, bado una wiki mbele za kuhamia. Ukichukua Jumamosi na ukateleza, unahamia muhula ujao.

Ila usimjibu mtunza ukumbi leo. Mwombe akushikie zote mbili hadi Ijumaa, kesho asubuhi mtafute mpiga piano ana kwa ana, si kwa ujumbe, ukiwa na nota zote mkononi. Akisema Jumanne ile hawezi, basi na wewe huiwezi. Akishakubali, weka hapa orodha ya vipande vyako na marudio utakayopiga, tukupigie hesabu ya dakika.