Stesheni ya treni kuwa ukumbi

Yaya, umeuliza kama stesheni ya treni inaweza kugeuzwa ukumbi bila kubomolewa: inawezekana kabisa. Mfano tuliofundishwa darasani, nikisomea ujenzi, ni stesheni ya Mapocho ya Santiago, Chile: ilifunguliwa 1913, treni zikakoma 1987, na 1994 ukarabati ukaisha, ikawa kituo cha utamaduni. Chini ya lile paa refu la chuma, treni zilipokuwa zinasimama, sasa kunapigwa muziki, na maonyesho ya vitabu yalifanyika humo miaka mingi. Paa lilijengwa juu sana kwa ajili ya moshi na umati, kwa hiyo linafaa.

Ila stesheni ya kwetu Lubumbashi waiache ilivyo. Reli ilifika hapa 1910 kupitia Sakania, mji wa mpakani na Zambia, na SNCC, kampuni ya reli ya taifa ya Kongo, bado inaitumia stesheni hiyo.