Injini ya silinda inayoyumba ikigoma, usikimbilie kuongeza presha

Mkuu, umesema injini yako ndogo ya shaba, inayosukumwa na hewa, inazunguka nusu mzunguko kisha inakwama, hewa inavuja ubavuni, na sasa unatafuta kompresa kubwa zaidi. Acha kwanza. Nimekereza kadhaa za aina hii kwenye lezi ndogo nyumbani, na ikikaa sawa huzunguka hata kwa kupulizwa na mdomo.

Injini hii haina vali. Silinda yenyewe ndiyo inayoyumba, tundu lake likikutana na tundu la kuingiza hewa, kisha la kutolea, kwenye bamba la nyuma. Basi uso wa silinda usipolala bapa juu ya bamba, hakuna kitakachokwenda. Paka uso mmoja wino wa maka, sugua nyuso hizo pamoja. Wino ukifutika kingoni tu, katikati kuna bonde. Tandika msasa namba 600 juu ya kioo, tia mafuta, sugua kwa kuchora nane, umalizie na namba 1000. Ndiyo maana pini ya kuyumbia, ile ambayo silinda huyumba juu yake, mimi huifunga kwa nyuzi za skrubu badala ya kuichomelea: inatoka, uso unasuguliwa bila kizuizi. Na pini hiyo isiposimama wima kabisa, silinda itainama upande mmoja hata nyuso zikiwa kama kioo. Tundu lake litobolewe kwenye mashine, kamwe si kwa dreli ya mkononi.

Halafu pima matundu ya hewa. Tuseme kutoka pini ya kuyumbia hadi kati ya ekseli ni mm 40, pini ya kranki, ile inayosukumwa na pistoni, iko mm 10 kutoka kati ya ekseli, na tundu la silinda liko mm 12 kutoka pini ya kuyumbia. 10 gawanya kwa 40 ni robo. Robo ya 12 ni 3. Matundu ya bamba yakae mm 3 kila upande wa mstari wa kati, yaani mm 6 kati kwa kati. Kipenyo cha kila tundu kisizidi mm 3, maana pistoni ikifika mwisho tundu la silinda lazima lizibwe pande zote mbili. Mimi ningetoboa mm 2.5.

Springi inayobana silinda kwenye bamba iwe laini, ishikilie tu. Ikibana sana msuguano unaiua injini.

Tuma vipimo vyako hivyo vitatu, tuvikokotoe pamoja kabla hujatoboa bamba jingine.