Vitunguu Saumu Badala ya Antibiotiki Bandani

SWALI: Ninafuga kuku wa nyama 200 hapa Buswelu, Mwanza. Jirani alinielekeza nitie antibiotiki kwenye maji ya vifaranga kila siku ili wakue haraka na wasiumwe. Sasa wateja wananiuliza kuhusu dawa hizo, nami nimesikia kwamba vitunguu saumu na majani ya mlonge vinaweza kuchukua nafasi yake. Je, ni kweli, na nichanganye kiasi gani?
Mama mfugaji, Buswelu

JIBU: Mama, ni kweli kwa sehemu. Antibiotiki unayompa kuku asiyeumwa huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, ambao huweza kumfikia binadamu kupitia nyama, mbolea au mikono ya anayehudumia banda. Kwa sababu hiyo Sweden ilipiga marufuku kukuza mifugo kwa dawa hizi mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake tarehe 1 Januari 2006. Matumizi hayo ya kila siku ndiyo ambayo mimea inaweza kuyarithi. Kutibu ugonjwa uliokwisha kuingia ni jambo jingine.

Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, kemikali inayodhoofisha bakteria wa utumbo, lakini moto huiharibu, kwa hiyo usikipike. Ukitumia unga wake mkavu, anza na gramu 5 kwa kila kilo ya chakula. Mlonge sifa yake kubwa ni lishe, kwani takribani robo ya uzito wa majani makavu ni protini. Hata hivyo usivuke gramu 50 kwa kilo, maana ukizidi sana kuku hudumaa. Mwarobaini, ambao wengi huusifu, sikushauri kwa kuku wa nyama, kwa sababu uchungu wake huwapunguzia hamu ya kula.

Ninachokusihi zaidi ni usafi, kwa kuwa hakuna jani litakaloziba pengo lake. Vimelea vya kuhara damu hukomaa penye unyevu, hivyo ondoa kila siku pumba za mpunga zilizolowa kuzunguka vyombo vya maji. Dagaa nao, ambao sisi wa Kanda ya Ziwa tunawategemea sana katika chakula cha kuku, wakianikwa juu ya mchanga huokota kinyesi cha ndege na mbwa pamoja na bakteria wa Salmonella. Tafuta waliokaushwa juu ya chanja, hata kama bei yao imepanda kidogo. Ugonjwa wa kuku uitwao mdondo unaletwa na virusi, na dhidi yake antibiotiki na vitunguu saumu havifai kitu: kinga ni chanjo.

Kundi lijalo ligawe nusu kwa nusu, moja lipate unga wa vitunguu saumu na jingine lisipate, kisha pima uzito kila wiki. Kuku wakiugua, mwite ofisa mifugo wa kata, nawe umalize dozi atakayoandika. Na kwa hao ulio nao sasa, sitisha dawa leo, usome kwenye pakiti siku za kusubiri dawa iishe mwilini mwa kuku, na usimuuzie mteja yeyote kabla hazijatimia.