Pipa la moshi linanuka, wavu una kutu: majibu kwa wabanikaji wa Goma

Maswali yamekuja kutoka mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo: Himbi, Katindo, Ndosho, hata kwa akina mama wanaonunua samaki pale soko la Kituku, kando ya ziwa, na karibu yote yanauliza jambo moja: chombo cha kubanikia kinasafishwaje bila kuharibu nyama wala mapafu? Nikisema pipa la moshi, nina maana ya vyombo vyote vya kazi hiyo, liwe pipa la chuma lililotobolewa chini, sanduku la mabati au tanuri la mawe.

Ndani ya pipa langu ni kweusi tupu. Mama mkwe anasema niache, ndiyo ladha yenyewe. Mimi naona uchafu. Nani ana haki? (Dada wa Himbi)

Wote wawili, ila kila mtu anaangalia weusi wake. Pitisha ukingo wa kijiko cha mbao ukutani. Kama weusi ni mwembamba, mkavu na haubanduki, uache. Hayo ni mafuta na moshi vilivyoungua pamoja vikashikana na chuma, na vinakizuia kisishike kutu. Kama ni mnene, unang'aa kama lami, au unabanduka magamba magamba, huo utoe. Hiyo ni lami ya moshi. Inatokana na kuni mbichi, au na mtu anayeziba matundu yote ya hewa ili moto usinzie. Ni chungu, inadondokea nyama, na siku moto ukipanda inawaka.

Likwangue pipa likiwa na uvuguvugu, kwa ubao uliochongwa bapa au kijiko cha mbao. Magamba yaanguke chini, yafagie, yatupe. Kuta hazihitaji sabuni. Sabuni na maji ya moto ni vya wavu, kulabu na kile chombo kinachokinga mafuta. Ladha unayoisikia kwenye nyama ni ya moshi wa leo. Masizi ya mwaka jana hayaongezi kitu. Lakini huna haja ya kumwambia mama mkwe hayo yote. Mwambie umetoa magamba tu, weusi wake upo.

Niliona video wanachanganya siki na bikaboneti, povu linapanda sana. Nimefanya hivyo. Povu lilikuwa zuri, mafuta yakabaki palepale. (Kijana wa Katindo)

Povu lile ni gesi inayokimbia, si uchafu unaotoka. Siki ni asidi, bikaboneti ni kinyume chake. Ukizikutanisha kwenye bakuli moja zinamalizana nguvu, unabaki na maji yenye chumvi dhaifu. Umelipa mara mbili kupata maji.

Zitumie kwa zamu. Bikaboneti ndiyo ya mafuta: vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji, ipake kwenye wavu, iache nusu saa, au usiku kucha kama mafuta ni ya zamani. Sugua, suuza. Siki inakuja baadaye, kwa harufu na kwa yale madoa meupe ya majivu yaliyogandamana: nusu siki, nusu maji, futa kwa kitambaa, kisha suuza na ukaushe haraka. Siki ikilala juu ya chuma kitupu, asubuhi utakuta kutu.

Ila kabla hujaenda dukani, inama uangalie chini ya pipa lako. Majivu ya kuni yana chumvi ya potasi, na bibi zetu walisugulia sufuria kwa hayo hayo bila kungoja video. Yachekeche yabaki laini, uhakikishe hakuna kaa lililo hai wala msumari. Yakoroge na maji ya moto mpaka yawe mazito ya kupakika, yapake kwenye wavu wenye mafuta, subiri robo saa au zaidi. Majivu yakikutana na mafuta yanageuza sehemu yake kuwa sabuni, ndiyo maana utasikia vidole vinateleza. Hapo sugua kwa maganda ya mahindi au kitambaa kigumu, umalize kwa maji ya sabuni na maji safi.

Masharti ni mawili. Vaa glovu na ulinde macho, kwa sababu kinachokula mafuta ya samaki hakibagui mafuta ya ngozi yako. Na yawe majivu ya kuni au makala (makaa) safi. Kama mliwashia mifuko ya plastiki, kandambili za zamani au mbao zenye rangi, majivu hayo yatupwe. Tena tabia hiyo ya kuwasha makala kwa plastiki iachwe kabisa, maana moshi wake unakaa kwenye ukuta wa pipa na unashuka kwenye samaki.

Nilitaka kutoa harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kabla ya kubanika nyama ya mbuzi. Nikatia javeli (dawa ya klorini ya kuua vijidudu), nikaona haitoshi, nikakamulia ndimu. Nilikohoa mpaka machozi. Ndimu zilikuwa mbovu? (Mama wa karibu na Birere)

Pole sana, mama. Ndimu hazikuwa na kosa. Javeli ikikutana na asidi yoyote, iwe ndimu, limau au siki, inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inaunguza macho, koo na mapafu, na mahali palipofungwa inaweza kuua. Vivyo hivyo javeli isichanganywe na dawa yoyote ya usafi yenye amonia, wala kumwagwa mahali penye mkojo mwingi.

Ikitokea tena kwa mtu yeyote nyumbani: toka nje kwanza, chombo utakifikiria baadaye. Fungua milango, osha macho kwa maji safi mengi. Kifua kikiendelea kubana au kikohozi kikikataa kuisha, nenda kituo cha afya, na uwaambie wazi ulichanganya nini na nini.

Najua javeli iko katika nyumba nyingi za Goma. Kipindupindu kimetuzoesha kuiweka karibu na bidoni (dumu) ya maji. Ibaki kwenye kazi hiyo, na kwenye sakafu. Ndani ya pipa la moshi haina faida: inakula chuma, na mabaki yake yakipashwa moto hutayapenda puani.

Sasa harufu ya samaki. Kinachonuka zaidi ni kemikali iitwayo trimethilamini, na hiyo iko upande wa kinyume na asidi. Kwa hiyo ndimu ilikuwa wazo zuri, ulikosea rafiki wa kuipa. Osha wavu kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, maana ndani ya mafuta ndimo harufu inamojificha. Kisha pitisha ndimu au siki yenye maji, peke yake. Suuza, rudisha wavu ndani, washa moto wa wastani bila nyama kwa saa moja matundu yakiwa wazi. Na kama biashara inaruhusu, weka wavu wa samaki na wavu wa nyama, kila mmoja na kazi yake. Sambaza ni mdogo lakini mafuta yake yanang'ang'ania.

Tunatengeneza sabuni kwenye kikundi chetu, soda kostiki ipo. Naweza kuitumia? (Mama wa Majengo)

Mnajua wenyewe inavyotafuna mafuta, na mnajua inavyotafuna mkono. Kwenye chuma cheusi itasafisha, lakini ikibaki punje moja pembeni, itakwenda kwenye chakula. Kwenye alumini ni hatari zaidi: inakula bamba lenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Jibu langu ni hapana. Ile sabuni mnayoitengeneza, ikishakomaa, inatosha na maji ya moto.

Brosi ya waya ndiyo inasafisha haraka kuliko vyote. Kuna ubaya gani? (Mchoma mushikaki)

Nyuzi zake zinakatika. Uzi mmoja mwembamba ukibaki kwenye wavu unaingia kwenye nyama, na kuna watu wamepasuliwa koo au utumbo kwa sababu hiyo. Brosi iliyoanza kunyonyoka tupa leo. Kama huwezi kuiacha kabisa, kila mara futa wavu kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuweka nyama, kisha kiangalie kile kitambaa.

Mimi napendelea nusu ya kitunguu kikubwa kwenye uma mrefu, kinasuguliwa juu ya wavu ukiwa moto. Maji yake yanageuka mvuke na kulegeza mabaki. Chumvi ya mawe na kitambaa nazo zinafanya kazi. Karatasi ya alumini iliyokunjwa ni nzuri pia, ila ni ya kununua, na kitunguu kilichoanza kuota hakikosekani jikoni.

Kutu imeshika mfuniko na miguu. Nikipaka mawese itazuia? (Mzee wa Ndosho)

Kwanza, mzee, toa majivu kila unapomaliza kazi. Majivu yanavuta unyevu wa hewa, na majivu yenye unyevu yanakula sakafu ya pipa haraka kuliko mvua. Mvua yenyewe, hasa ile iliyopita kwenye moshi wa volkeno yetu, inakuja na asidi, basi pipa lisilale nje bila kifuniko.

Kutu sugua kwa msasa au kwa jiwe la volkeno mpaka chuma kionekane, osha, kausha juu ya moto. Halafu mafuta. Mawese si mabaya, lakini hayagandi vizuri kuwa ngozi ngumu; yanabaki yananata na kukusanya vumbi. Mafuta ya soya au alizeti yanashika zaidi. Paka tabaka jembamba sana, futa kana kwamba umejuta kulipaka, kisha acha pipa kwenye moto wa wastani saa moja au mbili. Rudia ukitaka. Sehemu za nje unaweza kupaka rangi inayostahimili moto, ndani kamwe.

Tanuri letu ni la mawe ya volkeno. Tulimwagia maji ili lisafike, tulipowasha mawe yakaanza kulia na kupasuka. (Kikundi cha wauzaji)

Mawe hayo yamejaa vitundu, na vitundu vilikunywa maji. Moto ulipokuja, maji yakawa mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea, jiwe likapasuka. Vipande vinaweza kumpata mtu usoni. Tanuri la mawe au matofali linakwanguliwa na kufagiwa kavu, basi. Kilichokwisha kulowa kiacheni siku kadhaa kikauke, muanze na moto mdogo sana. Vichanja vya mbao, kama vipo, vioshwe kwa maji ya moto na sabuni na vianikwe juani mpaka vikauke hadi ndani.

Kila Desemba tunajaza makala, tunafunga, tunaacha uchafu uungue wenyewe. Mara ya mwisho ndimi za moto zilitoka juu, karibu na ukuta wa mbao wa jirani. (Baba wa Himbi)

Kuchoma mabaki ni njia halali, lakini inakuja mwisho, baada ya kukwangua na kumwaga mafuta. Ninyi mliwasha hodhi ya mafuta. Katika mji ambao nyumba nyingi ni za mbao na zimesogeleana hivi, hilo si jambo la kujaribu tena.

Mafuta yakishika moto usimwage maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka kwa ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Funga mfuniko na matundu yote, moto ukose hewa. Kama mfuniko haufungi vizuri, tupia mchanga. Goma mchanga mweusi si wa kutafuta mbali. Usifungue kuchungulia. Ngoja mpaka chuma kipoe kabisa, kwa sababu hewa ikiingia ghafla moto unafufuka.

Majivu yake wekeni kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa linaweza kuishi ndani ya majivu siku nzima na zaidi. Na usiku wa baridi pipa lenye makala lisiingizwe ndani kupasha chumba joto, hata kama halitoi moshi. Gesi inayoua humo, monoksidi ya kaboni, haina harufu.

Kuna ukungu wa kijani kwenye wavu baada ya mwezi bila kazi. (Dada wa Katindo)

Pipa lilifungwa likiwa na mafuta na unyevu. Usipige brosi kavu, utavuta vumbi lake. Washa moto mkali kwanza, saa moja, ukiwa umejiweka upande upepo unakotoka. Likipoa kwangua, osha wavu kwa sabuni, kausha kwa moto tena. Mabaki ya nyama yaliyokuwa humo ni ya kutupa. Safari nyingine acha matundu wazi kidogo, hewa ipite.

Mende wanalala ndani. Napuliza dawa ya wadudu jioni, asubuhi nabanika. (Muuzaji wa samaki)

Acha leo hii. Dawa inabaki ukutani, moto unaipandisha, samaki anaipokea. Mende wanafuata mafuta, yakiisha, wanahama. Waliobaki watakimbia joto la moto wa asubuhi.

Nimepata pipa la bei nzuri, lakini halina maandishi. (Kijana wa Birere)

Muulize muuzaji lilibeba nini. Mafuta ya kupikia, sawa. Dawa za shamba, viuatilifu au kemikali za kiwandani, liache hata akikupa bure. Na hata lile la mafuta, lichome kwa moto mkali wa kuni mpaka rangi ya ndani na ya nje iishe, nje kabisa ya uzio, kisha likwangue na ulipake mafuta. Usilikate kwa mashine ya kuchomelea kabla hujaliosha, maana mvuke wa ndani unaweza kulipuka. Wavu wa mabati ya zinki usiweke karibu na makala; zinki ikipata joto kali inatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka.

Maji machafu tunamwaga wapi? Kwetu ni mawe tu. (Mama wa Kituku)

Siyo ziwani, mama, watu wanachota humo humo. Mafuta mazito yakwangue kabla ya kuosha, yachanganye na majivu au unga wa mbao, yafunge kwenye karatasi: kesho yatawashia makala. Maji ya sabuni yanayobaki, ambayo sasa hayana mafuta mengi, yamwage kwenye shimo la choo, au mahali palipo na udongo mbali na kisima na bidoni za kunywa.